Sura ya Tano: Jamaa wa Ukutani

Nyumba ya Shosho, ndivyo tunavyowaita bibi zetu huku, ilikuwa ya mabanzi, zile mbao za kando ya gogo ambazo bado zina ganda upande mmoja. Kama nyumba nyingi za Molo, ilikuwa na ugomvi wa kudumu na upepo. Mji wetu uko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai ukungu huingia sebuleni bila kubisha hodi. Kwa hiyo kila Desemba, kabla wageni wa Krismasi hawajafika, tulipika uji mzito wa unga wa ngano, tukaupaka ukutani kwa ndani, kisha tukabandika magazeti. Tabaka juu ya tabaka, mwaka hadi mwaka. Mimi nilijua kusoma kabla sijaingia darasa la kwanza, na mwalimu wangu alikuwa ukuta ule: bei ya mahindi, matokeo ya kandanda, tangazo la mazishi lililobandikwa juu chini hata nikalazimika kuinama na kuchungulia katikati ya miguu yangu ili nilisome.

Juu ya magazeti hayo zilitundikwa picha za fremu, safu moja, kwa misumari ya inchi tatu. Ya kwanza Babu, ndani ya koti la kuazima, aliyepigwa studio Nakuru. Ya pili shangazi siku ya harusi yake. Ya tatu mjomba aliyekwenda kutafuta kazi Mombasa, amesimama mbele ya pazia lililochorwa ndege. Ya nne Rais. Ya mwisho, karibu na dirisha, mwanamume wa nywele ndefu na ndevu za kahawia, ametazama juu kidogo na pembeni kidogo, mwanga umempiga kwenye paji la uso.

Nilimdhania kuwa jamaa yetu. Na ningemdhania nani mwingine? Babu naye alikuwa ametazama pembeni. Shangazi vilevile. Wapiga picha wa siku zile walikuwa na amri moja: usinitazame mimi, tazama pale. Huyu wa dirishani alionekana kuitii amri hiyo kuliko wote.

"Shosho, huyu ni nani yetu?"

"Huyo ndiye mwenye nyumba."

"Naye alipigwa picha Nakuru?"

"Kula viazi vyako, vinapoa."

Swali hilo nilikaa nalo zaidi ya miaka thelathini. Shosho alipokwisha kututangulia, na nyumba ya mabanzi inabomolewa ili ijengwe ya mawe, nilipewa kazi ya kushusha picha. Ile ya dirishani nilipoifuta masizi kwa kitambaa chenye maji, pembeni chini yakatokea maandishi madogo ambayo moshi ulikuwa umeyaficha: jina Sallman, mwaka 1941, na majina mawili ya wachapishaji, Kriebel na Bates. Basi hakupigwa Nakuru. Alichorwa Chicago.

Warner Sallman alizaliwa Chicago mwaka 1892, baba yake mhamiaji kutoka Ufini na mama yake kutoka Uswidi. Alisoma uchoraji katika shule ya Art Institute ya mji huo, na mkate wake aliupata kwa kuchora matangazo ya biashara na picha za majarida. Hilo nataka tulishike. Wasomi wa sanaa huwa na kawaida ya kuwatenga watu wa namna hii: kuna wachoraji, halafu kuna wachoraji wa kuagizwa. Mchoraji wa kuagizwa hutumwa kama fundi cherehani. Anaambiwa ukubwa, anaambiwa siku ya kukabidhi, anaambiwa kinachouzwa. Anajifunza kitu ambacho mchoraji wa majumba ya makumbusho si lazima akijue, yaani mtu atakayeiona kazi yake hana muda. Atafunua ukurasa, atatupa jicho, atafunua mwingine. Lolote unalotaka kumwambia, mwambie hapo hapo.

Mwaka 1924 Sallman alikuwa na deni la kazi. Jarida la vijana la kanisa lake, lile la Covenant lililoanzishwa na wahamiaji wa Kiswidi, lilikuwa likingoja picha ya jalada na yeye hakuwa na wazo. Alivyosimulia mwenyewe maisha yake yote, alikwenda kulala bila kitu, akaamka usiku wa manane na uso umemjia, akaufuata haraka kwa penseli kabla haujapotea. Asubuhi akauchora kwa mkaa. Mchoro huo, alioupa jina la Mwana wa Adamu, ulitoka kwenye jalada la Februari 1925.

Wachunguzi wa sanaa wamelitazama simulizi hilo kwa jicho la karani wa mahakama. Wameonyesha kwamba uso ule unafanana sana na uso wa Yesu katika picha ya Mfaransa Léon Lhermitte ya mwaka 1892, na kwamba picha hiyo ya Mfaransa ilikuwa imechapishwa katika jarida moja kubwa la akina mama wa Marekani muda mfupi kabla ya usiku wa Sallman. Sioni hapa kesi ya wizi. Mtu anayechora matangazo mchana kutwa hulala na kichwa kilichojaa picha za wenzake, na usingizi hauulizi hakimiliki.

Mwaka 1940 aliuchora tena uso ule, safari hii kwa rangi ya mafuta juu ya turubai, akauita Kichwa cha Kristo. Hapo ndipo wanaingia Kriebel na Bates, wafanyabiashara waliochukua haki ya kuisambaza, na hapo ndipo hadithi inaacha kuwa ya mchoraji na kuwa ya mashine. Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiendelea. Jeshi la Wokovu na YMCA wakawagawia askari wa Marekani vikadi vya picha hiyo vinavyoingia mfukoni. Vita vilipokwisha, kukawa na kampeni za kuhakikisha kwamba kila mwenye pochi ana kikadi chake. Ikabandikwa kwenye saa, taa za mezani, kalenda, vibandiko, vitabu vya watoto. Hesabu inayotajwa siku zote ni nakala zaidi ya milioni 500. Turubai lenyewe liko Chuo Kikuu cha Anderson, jimbo la Indiana. Sijui mtu yeyote wa Molo aliyewahi kulitia machoni, na hakuna anayeona kwamba amekosa kitu.

Itazame sasa picha yenyewe, maana tumezoea kuiona bila kuitazama. Inaishia kifuani. Hakuna mikono, kwa hiyo hakuna misumari. Hakuna msalaba, kondoo, jiji wala mlima; nyuma ni kahawia tupu inayofifia kuelekea pembeni. Badala ya duara la dhahabu kichwani, kuna mwangaza tu unaoanzia nyuma ya nywele na kusambaa, kama taa iliyofichwa nyuma ya pazia. Mwanga mwingine unatoka juu na mbele, unaangukia paji la uso, pua na shavu. Mpiga picha yeyote wa studio angekwambia hizo ni taa mbili, moja mbele na moja nyuma, mpango uleule uliotumika kwa picha za waigizaji wa sinema na wahitimu wa vyuo katika Marekani ya enzi hizo. Mwanahistoria wa sanaa David Morgan, aliyehariri kitabu kizima juu ya Sallman mwaka 1996, alilieleza jambo hilo vizuri: watazamaji waliipokea picha hii kama picha ya kupigwa. Morgan alikusanya pia barua za watu wa kawaida wanaoipenda, na baadhi yao waliandika kwamba kwenye paji la uso wanaona mkate wa ushirika, na kando yake, kwenye panja, kikombe. Nimeinama juu ya ile ya Shosho na kioo cha kukuzia. Kikombe, kwa kujikaza, nimekiona. Mkate nimeona mahali moshi ulipoingia chini ya kioo.

Rangi yake nayo ilikuwa na bahati. Kahawia ile ni ya chai ya maziwa iliyochemka kupita kiasi. Katika nyumba inayowashwa moto wa kuni kuanzia saa kumi na moja alfajiri, picha yoyote yenye anga la buluu au kanzu nyeupe huharibika ndani ya miaka miwili. Hii ya Sallman ilikuwa tayari na rangi ya moshi kabla haijakutana na moshi.

Molo haikujuana na wachoraji wa kuagizwa wa Marekani kwa mara ya kwanza hapo. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais, alipanda reli ya Uganda kuvuka Mau hadi Londiani ili aingie Uasin Gishu kuwinda, na njia hiyo ndiyo inayopita stesheni yetu. Kitabu chake cha safari kilitoka mwaka 1910 kikiwa na picha za kamera za mwanawe Kermit na wenzake, pamoja na michoro ya Philip R. Goodwin, kijana aliyejipatia jina kwa kuchora wanyama na wawindaji wa Amerika Kaskazini. Goodwin aliwachora simba wa kwetu akiwa kwao. Ni michoro mizuri, simba wana misuli, vumbi linapaa. Ila hakuna aliyeitundika Molo. Haikuchorwa kwa ajili yetu, ilichorwa ili Mmarekani akae kitini kwake aogope kidogo. Sallman naye hakuwahi kumwona aliyemchora, lakini alichora kitu ambacho mtu yeyote angeweza kukipeleka nyumbani.

Njia zilizoifikisha picha huku zilikuwa nyingi. Moja inaweza kufuatwa kwa kidole kwenye ramani. Church of God, kanisa ambalo makao yake yako Anderson, Indiana, mji uleule unaotunza turubai, ndilo lililopokea misheni ya Kima huko Bunyore katika miaka ya 1920, na likajenga shule na hospitali. Watu wa Bunyore na Maragoli walipanda gari la moshi kuja kwenye mashamba ya wazungu ya Nakuru, Njoro na Molo, wakaja na nyimbo zao na vitabu vyao. Wamisheni wengine wa Kimarekani walikuwa karibu zaidi: Africa Inland Mission ilikuwa na kituo chake kikubwa na mtambo wa kuchapa Kijabe, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Kisha zikaja kalenda za maduka, halafu wachuuzi. Nawakumbuka wachuuzi. Walikuja siku za soko na roli la karatasi kubwa lililofungwa mpira wa baiskeli, wakazitandaza chini kwenye gunia: Yesu, Rais, chui, watoto wawili wa kizungu wakipiga magoti kitandani, jedwali la matunda kwa Kiingereza. Ulichagua, ukaipeleka kwa fundi wa fremu.

Wakatoliki walikuwa na yao, Moyo Mtakatifu, mkono umeelekeza kifuani. Jirani yetu wa upande wa bondeni alikuwa na kazi nyingine ya Sallman huyohuyo, ya mwaka 1942, Yesu akibisha mlangoni. Wazo hilo alilichukua kwa Mwingereza William Holman Hunt, aliyelichora karibu miaka 90 kabla yake, na wahubiri hulipenda kwa sababu mlango ule hauna kitasa kwa nje: mwenye nyumba lazima afungue mwenyewe. Tulielezwa hivyo Jumapili moja, tukaangaliana. Mlango wa jirani yetu ulikuwa hauna kitasa nje wala ndani. Ulikuwa na kamba, na kamba hiyo uliweza kuivuta kutoka upande wowote. Nadhani hilo lilipunguza makali ya mahubiri.

Baadaye ikaja sinema. Ile filamu ya Yesu ya mwaka 1979, iliyotiwa sauti ya Kiswahili, ilizungushwa vijijini na jenereta na shuka jeupe, na sisi tulikaa kwenye nyasi zenye umande tukimwona Mwingereza Brian Deacon akizungumza Kiswahili safi kuliko mwalimu mkuu. Miaka miwili kabla yake Mwingereza mwingine, Robert Powell, mwenye macho ya buluu, alikuwa amemwigiza Yesu kwenye televisheni, na picha zake za kukatwa kwenye kipindi hicho ziliingia sokoni. Hadi leo ziko nyumba nyingi Kenya ambamo Robert Powell anaombwa baraka kabla ya chakula. Watu wa mitandaoni hulicheka sana jambo hili. Mimi hucheka nao, kisha nakumbuka kwamba waigizaji hao wawili walipewa nywele zile na ndevu zile kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kujua Yesu anafananaje. Deacon na Powell walikuja kujaza nafasi kwenye fremu iliyokwisha kutundikwa.

Ndipo linapokuja suala la rangi, na haliwezi kukwepwa. Mtu aliyezaliwa Bethlehemu, Myahudi wa karne ya kwanza, amefikaje Molo akiwa na sura ya mtu ambaye babu zake walivua samaki Baltiki? Hata huko Marekani waliuliza. Mwalimu mmoja wa Moody Bible Institute, Chicago, alikuwa amemhimiza Sallman katika ujana wake amchore Kristo mwanamume kamili, mkakamavu. Miaka arobaini baadaye wakosoaji wakamlaumu kwamba alimchora laini mno. Watu weusi wa Marekani walikuwa na lao zito zaidi. Pasaka ya 1967, katika kanisa la mchungaji Albert Cleage huko Detroit, ulizinduliwa mchoro mkubwa wa Maria mweusi na mtoto wake, kazi ya Glanton Dowdell.

Sisi tulikuwa tumewatangulia, na hili halifundishwi shuleni inavyostahili. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati harufu ya Hali ya Hatari ya enzi za ukoloni bado iko hewani, kijana wa Kitanganyika aliyetoka Makerere, Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu chini ya Kilimanjaro mwaka 1932, alipewa kuta za kanisa kuu la Waanglikana la Murang'a. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa katika miaka ile. Njau akachora picha tano kubwa: kuzaliwa, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Watu wake ni weusi, nchi ni ya huku, na ukisimama mbele ya ile ya Gethsemane unahisi baridi ya usiku wa nyanda za juu. Nimesimama pale mara mbili. Kwa maoni yangu hakuna picha ya Kikristo Afrika Mashariki inayozifikia. Njau alikwenda kuanzisha Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965, akawa mlezi wa wasanii wengi. Baadaye padre Engelbert Mveng wa Kamerun naye aliacha Kristo wake wa Kiafrika kwenye kanisa dogo la Hekima College, Nairobi.

Sasa hesabu ni nyumba ngapi za Molo zenye Yesu wa Njau ukutani. Sijaingia hata moja.

Wapo wanaosema ni kasumba, kwamba tulifundishwa kumpenda mweupe. Kasumba ipo, sikatai. Lakini ukimaliza kuitaja kasumba umeeleza nusu tu. Picha za Murang'a zimepakwa kwenye ukuta wa kanisa. Mtu hawezi kukunja ukuta. Hakuna Kriebel wala Bates aliyekwenda Murang'a na kamera, akachapa laki moja, akawapa wachuuzi wazitembeze Molo, Elburgon na Keringet kwa shilingi mbili. Makanisa yetu yalikuwa na pesa ya kujenga mnara na kununua vipaza sauti, na kalenda yakaagiza kutoka kwa mchapaji aliyekuwa na picha ileile ya zamani tayari, kwa sababu ilikuwa rahisi. Shosho hakupewa nafasi ya kuchagua kati ya Sallman na Njau. Kwenye gunia la mchuuzi palikuwa na Sallman na chui.

Na kuna lile jambo la studio. Watu wa Njau wako kazini: wanabeba, wanalia, wanakula pamoja, wanasinzia mwenzao anapoomba. Ni tukio, na tukio linataka ukuta mzima na mkutano mzima wa watu. Yule wa Sallman amekaa peke yake apigwe picha. Mkubwa au mdogo, anaingia kati ya Babu na shangazi bila kumsukuma mtu. Mchora matangazo wa Chicago alijua namna ya kumfanya mtu asiyejulikana aonekane mnafahamiana. Ndiyo kazi aliyokuwa akilipwa kila siku, iwe anauza sabuni au viatu.

Molo imeyaona mengine, na picha hizi zilikuwepo. Mwaka 1992 nyumba zilichomwa kwenye mashamba na misitu inayotuzunguka. Zikachomwa tena, mbaya zaidi, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Januari 2008 nilisimama kando ya barabara wakati malori yakipita na watu waliokimbia. Juu ya lori moja, kati ya godoro, sufuria na kuku waliofungwa miguu, mama mmoja alikuwa amepakata fremu, uso wa picha ameugeuzia kifuani. Sikuona ni picha gani. Mgongo wa fremu ulikuwa wa katoni. Inawezekana ilikuwa ya harusi. Lakini najua, kwa sababu nimekula katika nyumba za pande zote mbili, kwamba waliochoma na waliochomewa walikuwa na kahawia ileile juu ya meza ya chakula. Mzee mmoja niliyezungumza naye baadaye, aliyerudi akakuta jivu, aliniambia kwa utulivu ulionitisha kwamba kitu cha kwanza alichokitambua katika jivu ni misumari ya picha, maana aliijua idadi yake.

Siku hizi nyumba za Molo ni za mawe na sebule zina televisheni ya kutundikwa mahali picha zilipokuwa. Safu ya jamaa imehamia kwenye simu. Mafundi wa fremu wapo wachache; wengi wanakata vioo vya madirisha. Wakati wa kuhama, picha kuukuu hutupwa pamoja na kalenda, na sioni wa kumlaumu, kwa sababu zinaonekana hazina kazi. Karatasi ilikuwa ya bei nafuu, nakala ziko mamilioni, na muuza vitu vya kale hatakupa kitu.

Hata hivyo nina ombi moja. Kabla hujaitupa ya kwenu, igeuze. Ng'oa vimisumari vya nyuma kwa ncha ya kisu, polepole, utoe kile alichotumia fundi kuzibia. Mara nyingi ni katoni, na mafundi waliandika juu ya katoni. Futa pia pembe ya chini ya picha uone kama kuna jina na mwaka. Ya Shosho ilizibwa kwa katoni ya mafuta ya kupikia, ndani yake ukurasa wa gazeti uliokunjwa mara mbili usiruhusu vumbi. Juu ya katoni, kwa penseli nene ya seremala, fundi aliandika mteja anatoka wapi, bei, na pesa aliyokuwa bado anadai: Turi, sh 15, baki 5.